Mwethya wa Vidonge

Kiharusi kilimkuta Kanyiva katikati ya tusi.

Ilikuwa Alhamisi ya Oktoba, saa nne asubuhi, kwenye shamba la Kaluki juu ya soko la Mukuyuni. Wanawake kumi na mmoja wa mwethya, kikundi chao cha kulimiana kwa zamu, walikuwa wameinamia majembe. Kanyiva, mwenye miaka sitini na tisa, alikuwa amesimama mbele yao ameshika mti wa kupimia kwa mkono wa kulia, akiutazama mstari wa vigingi ambao Kaluki alikuwa amejipimia mwenyewe alfajiri ile bila kumngoja. Akatikisa kichwa. Akasema kwa sauti iliyovuka bonde, "Kaluki, wewe unapima matuta kama..."

Akanyamaza.

Wenzake walingoja. Matusi ya Kanyiva yalikuwa kama muthokoi wa mahindi jikoni: ukiyaharakisha unayaharibu. Mbinya, rafiki yake kwa miaka arobaini, alisimamisha jembe hewani asije akakosa neno. Waliona mdomo wa Kanyiva umevutwa upande wa kushoto, wakadhani anachagua. Dakika nzima ilipita hivyo, wanawake kumi na mmoja wakimsubiri kwa heshima mtu ambaye ubongo wake ulikuwa umekatiwa damu. Kisha mti ukaanguka. Hapo ndipo Mbinya alipopiga yowe, kwa sababu Kanyiva angeweza kuangusha chungu, angeweza hata kuangusha Biblia, lakini mti wa kupimia hakuwahi kuuangusha.

Vilima vya Makueni vina udongo usio na uaminifu. Ni kama kijana aliyemaliza shule: mvua ya kwanza tu, umeshateremka hadi Kibwezi, kwa watu wengine. Ndiyo maana watu huchimba matuta kukata miteremko, na kwa kuwa tuta ni kazi ya kumvunja mtu mgongo, huchimbwa kwa mwethya. Leo kikundi kizima kiko kwa Mbinya, Alhamisi ijayo kwa Kaluki, nyingine kwako, na anayelimiwa hupika. Ila tuta lisilopimwa sawa ni mfereji. Kupima kunataka watu watatu: mmoja mti wa nyuma, mmoja mti wa mbele, na katikati ya uzi unaounganisha miti hiyo, mtu wa tatu anayetazama kiputo cha pimamaji na kupiga kelele, "Panda! Teremka!" Kazi ya katikati ni ya mwanagenzi. Mti wa mbele ndio wenye hadhi, maana anayeushika ndiye anayekanyaga mahali kigingi kitakapokaa, na kwa miaka thelathini mti wa mbele ulikuwa wa Kanyiva.

Kipaji cha matusi alikitoa mbali zaidi. Alizaliwa mjini Salama, kwenye barabara kuu ya Mombasa, na tangu akiwa na miaka minane aliuza mayai ya kuchemsha kwa madereva wa malori. Aliyekuwa hana jibu la haraka hakuuza yai. Akajifunza kumdharau mteja kwa Kikamba, Kiswahili, Kigiriama kidogo, na maneno saba ya Kisomali ambayo hakuwahi kuelezwa maana yake, ila aliona yanavyofanya kazi. Alipoolewa na Nthiwa na kuletwa Mukuyuni, mama mkwe wake alidhani ameletewa binti mpole wa mjini. Walielewana baada ya wiki moja, mama mkwe aliponyamaza. Nthiwa mwenyewe, ambaye sasa ni marehemu, alikuwa akisema kwamba kuishi na Kanyiva ni kama kuishi karibu na barabara: baada ya muda husikii kelele, na siku zikikosekana unaamka.

Basi kiharusi kilichukua vitu viwili: mkono wa kulia na mwendo wa ulimi. Maneno yalibaki yote kichwani, lakini yalitoka moja moja, kama mbuzi wanaopita mlango mwembamba. Mtu akimchokoza Jumatatu, jibu lilikuwa tayari Jumatano. Kanyiva alilia mara moja tu hospitalini, na hakulilia mkono. Mgonjwa wa kitanda cha pili alikuwa amesema uji wa Wakamba hauna ladha, na yeye hakuweza kumjibu.

Mwezi wa Desemba utafiti ukamfikia. Watafiti walikuwa wanafuatilia wazee waliopata kiharusi katika Makueni na Kitui, wajue ni dawa zipi zinazowafaa, zipi zinawadhuru, na kama mazoezi ya nyumbani yanarudisha viungo. Aliyeletwa kwake ni muuguzi mmoja kijana, mwembamba, aliyevaa hijabu ya kijivu na viatu vya kupandia milima. Jina lake Ikran. Mbinya na Kaluki walikuwa wamekaa barazani wakimkagua bila aibu.

"Asya! Huyu Msomali ni mwembamba kama fito," Mbinya alisema kwa Kikamba. "Atampimaje mtu? Yeye ndiye anahitaji kupimwa."

"Nimekula, susu," Ikran akajibu kwa Kikamba kilekile, akimwita bibi huku akifungua begi. "Lakini kama kuna sahani ya isyo, siwezi kukataa."

Alikuwa mtoto wa wafanyabiashara wa mifugo wa Mwingi, na Kikamba chake kilikuwa cha Kitui kabisa, kile cha kuvuta maneno kama mtu anayefunga mzigo. Kanyiva alicheka kwa mara ya kwanza tangu Oktoba, kwa nusu ya mdomo. "Msomali si tatizo," alisema polepole. "Tatizo... ni Mkitui."

Alitia sahihi kwa kidole gumba cha kushoto. Cha kulia, alimweleza Ikran, kiko likizo. Akapewa namba, arobaini na saba, akasema mbuzi wake hupewa namba siku wanayouzwa. Akapewa pia chupa tatu za vidonge kila mwezi. Na kitu kilichomfanya akubali yote hayo, hata namba, kilikuwa Nyamai, mtaalamu wa viungo, kijana mwenye mikono kama ya mchoma nyama, ambaye angekuja kila Jumanne kuufanyia kazi mkono wake. Kanyiva alimuuliza jambo moja tu: mkono utaweza kushika mti kabla ya mvua ya Oktoba? Nyamai alisema hawezi kuahidi. Lakini hakusema hapana, na Kanyiva alikuwa ameshajenga nyumba kwa matofali machache kuliko hayo.

Ilikuwa lazima. Mti wa mbele sasa ulikuwa na Kaluki. Kila Alhamisi Kanyiva aliketi kwenye kiti cha plastiki pembeni mwa shamba la mtu, akitazama mstari ukiyumba kama mtu anayetoka kwenye pombe, na hana neno. Kaluki alikuwa anamjia wakati wa chai, anainama, anauliza kwa upole unaoumiza, "Dada, ile siku ulikuwa unasema napima kama nini?"

Kanyiva alikuwa analikumbuka tusi lote, kila neno. Ila alijua likitoka vipandevipande litakuwa limekufa, na yeye hakuwa mtu wa kutoa tusi lililokufa. Akawa anatazama pembeni.

Mwezi wa Machi zahanati ya karibu ikaishiwa na dawa za presha. Wiki ya kwanza watu waliambiwa waje wiki ijayo. Wiki ya nne hata wa kuwaambia hivyo hakuwepo. Katika wale wanawake kumi na mmoja, saba walikuwa na presha, mmoja presha na moyo, na wote magoti. Mbinya alikuwa na dawa yake ya pekee, vidonge vya waridi alivyoandikiwa hospitali kubwa baada ya damu kuganda mguuni mwaka uliopita. Kanyiva alikuwa na chupa tatu zilizojaa.

Mtu mwingine angeona hapo bahati yake. Mwana mwethya anaona shamba moja lenye majembe mengi na jingine lisilo na jembe. Alhamisi ya kwanza ya Aprili, kwa pendekezo la Kanyiva mwenyewe, kila mwanamke alileta alichokuwa nacho, dawa za mume, za mama mkwe, za mtoto aliyepona, na zote zikamwagwa kwenye uteo mmoja, ule wa kupepetea mbaazi. Zikatengwa kwa rangi. Kisha zikagawanywa kwa zamu na kwa haki. Nyeupe ndogo, ile aspirini aliyopewa Kanyiva kwa ajili ya kiharusi, kila mtu alipata, kwa sababu hakuna aliyetaka kuanguka kama Kanyiva, tena mbele ya watu. Ya presha waliipata wenye presha, siku mbili katika kila tatu. Ya magoti ilipendwa na wote. Katunge, mke wa mchungaji, aliweka mikono juu ya uteo akaomba kila kidonge kipate njia ya kwenda kinapohitajika. Ni ombi ambalo Mungu angeweza kulifikiria kidogo kabla ya kulijibu.

Hakuna aliyeona kosa. Kama ungewauliza, wangekuuliza nawe: mtu anaweza kuchangia mgongo wake, ashindwe kuchangia kidonge?

Kwa Ikran walijua la kufanya. Jumatatu jioni, kabla hajaja, chupa za Kanyiva zilijazwa kutoka kwenye uteo hadi hesabu iwe sawa. Mbinya ndiye alikuwa hodari wa hesabu. Hivyo kwa miezi minne mfululizo namba arobaini na saba alikuwa mgonjwa asiyekosea hata mara moja.

Jumanne ya mwisho ya Julai Ikran alimwaga chupa kwenye kisahani chake cha plastiki, akahesabu, akarudia. Nyamai alikuwa upande wa pili akikunja na kukunjua vidole vya Kanyiva.

"Vinatakiwa kubaki sita," Ikran alisema. "Vimebaki sita."

"Si... ndiyo vizuri?"

"Ni vizuri mno, susu. Ndiyo inanisumbua. Mimi ni muuguzi, na nikipewa dawa za siku tano, kimoja nakikuta chini ya kitanda baada ya mwezi." Akafunga kifaa cha presha mkononi mwa Kanyiva, akatazama, akaandika. "Na hii presha yako inapanda na kushuka kama barabara ya kwenda Mbooni. Mtu anayekunywa dawa hivi hapaswi kuwa na presha hivi." Akainua kidonge kimoja. "Halafu hiki kina mstari katikati. Vyetu havina."

Kanyiva akakitazama kidonge. "Labda kimezeeka," alisema. "Hata mimi... nimepata mistari."

Nyamai aliguna kicheko. Ikran hakucheka. "Susu, hakuna mtu atakupiga kwa kusahau dawa. Lakini kama unakunywa kitu kingine ambacho sijui, lazima nijue. Hii nyeupe inafanya damu iwe nyepesi. Ikikutana na nyingine ya kazi hiyohiyo, damu inasahau kusimama. Na kama kuna kitu cha aina hiyo, nitalazimika kukiripoti, na wakubwa Nairobi watasimamisha kila kitu mpaka waelewe."

"Kila... kitu?"

"Dawa. Ziara. Hata huyu." Akamwonyesha Nyamai kwa kalamu.

Kanyiva aliutazama mkono wake wa kulia uliokuwa ndani ya mikono ya Nyamai. Wiki ile kidole cha shahada kilikuwa kimeanza kujikunja chenyewe. Ilibaki miezi miwili kabla ya mvua. "Sinywi kitu," alisema.

Siku mbili baadaye, Alhamisi, walikuwa nyumbani kwake wakigawa. Uteo ulikuwa katikati ya mkeka. Kaluki alikuwa amechelewa, akaingia akihema na kuketi kwa kishindo, na Mbinya akamwambia kwamba akipunguza makalio goti litapona bila dawa. Wote wakacheka. Mbinya alicheka kuliko wote, kichwa kikiwa nyuma, na kicheko kilipokwisha damu ilikuwa inamtoka puani, inatona juu ya uteo, kwenye vidonge vyeupe.

"Inua kichwa," Katunge alisema.

"Inamisha," mwingine alisema.

Waliinua, wakainamisha, wakamwagia maji ya baridi kisogoni. Damu ikaendelea kutoka bila haraka, kama iliyokuwa na siku nzima. Mbinya alifungua kinywa kuwaambia waache kumlowesha, wakaona fizi zake nazo ni nyekundu. Kaluki akampandisha mkono wa sweta. Kuanzia kiwiko hadi begani kulikuwa na madoa ya zambarau, makubwa kama majani ya mkunde.

"Nani amekupiga?" Kaluki aliuliza.

"Nani atanipiga mimi? Ni kuni tu nilibeba. Siku hizi hata kuni zinaniuma."

"Mpe nyeupe moja," Kaluki alisema, akinyoosha mkono kwenye uteo. "Isije ikawa ni stroki inaanza."

"Hapana!" Neno lilimtoka Kanyiva zima, halikujikwaa popote, hata yeye mwenyewe akashtuka. Alikuwa ameufunika uteo kwa mkono wa kushoto. Alikuwa anasikia sauti ya Ikran: damu inasahau kusimama. Nyeupe ilikuwa ya kufanya damu nyepesi. Na ya waridi ya Mbinya, aliyojisifia nayo mwaka mzima, alisema ni ya nini? Ya damu isigande. Tangu Aprili alikuwa anameza zote mbili, na juu yake ya magoti asubuhi na jioni, kwa haki na kwa zamu, kutoka kwenye uteo ambao Kanyiva ndiye aliutoa jikoni kwake.

Akaomba simu yake. Mbinya, kitambaa puani, aliona anayetafutwa ni nani.

"Usimpigie huyo," alisema. "Watakufuta. Mkono wako je?"

"Nyamaza."

"Itasimama yenyewe. Kanyiva! Miezi miwili imebaki. Nitakaa kimya nisicheke, basi."

"Wewe? Usicheke?" Kanyiva alisema. "Bora... ufe."

Akabonyeza kwa kidole cha kushoto. Ikran aliitika upesi.

"Ni mimi," Kanyiva alisema. "Arobaini na saba."

"Susu? Kuna nini?"

"Mbinya... anavuja damu."

"Mbinya ni nani? Yuko kwenye utafiti? Namba yake ngapi?"

"Hana namba. Ni Mbinya tu."

"Anatumia dawa gani?"

Wanawake kumi walimtazama Kanyiva. Wa kumi na mmoja alikuwa ameangalia juu, na kitambaa chake kimelowa. Kanyiva akautazama mkono wake wa kulia mapajani, halafu akautazama uteo.

"Zote," alisema.

Gari la utafiti lilifika baada ya nusu saa, Ikran akiwa mbele na glavu tayari mkononi. Kaluki alipanda nyuma na uteo mapajani, umefunikwa kwa leso. Ikran alikuwa amesema kila dawa ije, na Kaluki alikuwa mtu wa kutii maagizo pale ambapo hayahusu vigingi. Hospitalini daktari mmoja kijana aliinua leso ile, akarudi nyuma hatua moja kama mtu aliyeonyeshwa kaburi.

"Hii ni ya nini?"

"Goti," Kaluki alisema.

"Na hii?"

"Sukari. Hakuna mwenye sukari kwetu, tuliiweka akiba."

"Na hiki kikubwa hivi?"

"Cha minyoo."

"Minyoo ya watu?"

Kaluki alitazama dirishani. "Ya mbuzi. Lakini hakuna aliyekimeza, daktari. Kilikuwa bado kinangoja zamu yake."

Mbinya alichomwa sindano, akaongezewa damu, akalazwa siku tano. Daktari alimwambia Ikran kwamba kama wangengoja hadi asubuhi iliyofuata, pengine damu ingevujia kichwani au tumboni, na hapo kusingekuwa na la kuongeza wala la kupunguza. Ikran aliyarudia maneno hayo barazani kwa Kanyiva Jumanne iliyofuata. Alikuja peke yake.

"Nyamai?" Kanyiva aliuliza.

"Nimeripoti, susu. Niliapa kuripoti."

"Wamenifukuza."

"Hawajakufukuza. Wanakujadili. Kuna kamati."

"Inanijadili... mimi?"

"Wewe na uteo. Hawajawahi kuona kitu kama hicho. Kuna profesa mmoja ameuliza kama anaweza kupata picha."

"Mwambie," Kanyiva alisema, "asubiri. Nioshe... damu kwanza."

Ikran alicheka, kisha akajifuta macho kwa pembe ya hijabu, na Kanyiva akajifanya anatazama kuku. Mchana ule muuguzi aliwaketisha wanawake wote kwenye mkeka. Alimpa kila mmoja mfuko wake wa kitambaa, na ndani yake vile tu ambavyo daktari alikuwa amemwandikia yeye. Zahanati nayo ilikuwa imeletewa shehena, kwa aibu au kwa bahati. Katunge aliuliza itakuwaje dawa zikiisha tena. Ikran alisema mnipigie. Mbinya, aliyerudi akiwa amepauka na mwenye maneno mengi kuliko alivyoondoka, aliuliza mwethya sasa utafanya nini siku ya Alhamisi kama hakuna kugawa. Ikran akasema waje na mifuko yao, kila mtu ameze chake mbele ya wenzake, na anayemeza cha mwenzake apigwe. Sheria hiyo waliipenda, hasa mwisho wake.

Kamati ilikaa wiki nane. Mkono wa Kanyiva haukujua habari za kamati. Wiki ya kwanza bila Nyamai kidole cha shahada kikaanza kujinyonga tena kuelekea kiganjani, na Mbinya, ambaye alikuwa amekatazwa kulima na kubeba kuni hivyo hakuwa na kazi ila kutazama, ndiye aliyekiona. Akapita kwa wenzake nyumba kwa nyumba. Siku ya pili walikuja wote na zamu imeshapangwa. Shamba la wiki hiyo, Kaluki alitangaza, ni huu mkono.

Hawakuwa wataalamu. Katunge aliukanda huku akiomba, macho yamefungwa, na mara mbili alikanda mkono usio mgonjwa. Mbinya alihesabu mikunjo kwa sauti na kumkemea kila mtu. Mmoja alileta mbaazi kavu kwenye bakuli, Kanyiva azichambue kwa vidole vya kulia, moja moja. Alipozimwaga zikaliwa na kuku. Lakini zamu ya Kaluki ndiyo iliyoogopwa. Kaluki aliushika mkono ule kama mtu anayemkamua ng'ombe wa jirani.

"Bonyeza! Ehe. Tena. Kabla sijakiachia hiki kidole, dada, niambie: napima kama nini?"

"Niache."

"Kama kipofu? Mbinya anasema ni kama kipofu."

"Nilisema kama mlevi," Mbinya alisema.

"Kama mlevi kipofu?"

"Bonyeza... na wewe... unyamaze."

Mwisho wa Septemba barua ikaja. Namba arobaini na saba abaki kwenye utafiti. Takwimu zake za miezi minne ziwekwe kando, kwenye fungu lake peke yake. Nyamai alirudi na kifaa chake cha kupimia nguvu za mshiko. Kabla ya Agosti kilisoma kilo tatu. Kanyiva alibonyeza hadi jasho likamtoka. Kikasoma nne.

Nyamai alikitikisa, akadhani kimeharibika. "Nilitegemea kukuta sifuri. Nani alikuwa anakufanyia mazoezi?"

"Wahalifu," Kanyiva alisema.

"Itatosha mti?" Kanyiva akauliza.

Nyamai alikuwa mkweli, ndiyo maana alimpenda. Alisema hapana, si mwaka huu. Alisema pia kwamba wiki zile nane, kama angekuwepo, pengine ingekuwa sita au saba. Kanyiva alitikisa kichwa kama mtu aliyetajiwa bei ya kitu ambacho ameshakula.

Alhamisi ya pili ya Oktoba, mawingu yakiwa yameshakaa juu ya Mbooni, mwethya ulikuwa shambani kwa Mbinya. Mbinya aliketi kwenye kiti cha plastiki, kile cha Kanyiva, kwa amri ya daktari. Kanyiva alikwenda moja kwa moja kwenye mti wa mbele, akaukumbatia kwa mkono wa kulia. Vidole vilifunga. Akaunyanyua. Uliinuka kiasi cha unene wa kidole, ukatetemeka, na kule katikati kiputo kikacheza ndani ya pimamaji kama samaki ndani ya chupa. Alijaribu tena. Mara ya tatu akauegemeza kwa Kaluki bila kumtazama, na hakuna mtu aliyejua aangalie wapi.

"Basi njoo hapa katikati," Mbinya alisema kutoka kitini. "Hapa hakuhitaji mkono. Kunahitaji jicho na mdomo. Au siku hizi una kimoja tu?"

Katikati ni kazi ya mwanagenzi. Kanyiva aliliwaza hilo kwa muda ambao mtu humeza kidonge kichungu. Kisha akaenda, akasimama chini ya uzi, akafumba jicho moja.

"Kaluki. Panda," alisema.

Kaluki akapanda.

"Tena. Tena, nimesema. Teremka. Teremka hapo, unakwenda wapi? Rudi! Kaa!"

Kwa saa nzima Kaluki alipanda na kuteremka mteremko ule kama mbuzi aliyekosa mwenyewe, na kila amri ilitoka na kasi kidogo kuliko ile ya kabla yake. Kwenye kigingi cha kumi na nne alisimama, mikono kiunoni, uso umelowa jasho.

"Dada, hata mwaka jana nilikuwa sawa. Uliona tu ubaya."

Kanyiva alisubiri kiputo kitulie. Kilitulia. Akageuka polepole, na wanawake wakasimamisha majembe hewani, kwa sababu waliutambua mdomo ule.

"Kaluki," alisema, "wewe unapima matuta kama mtu aliyetumwa na watu wa Kibwezi awapelekee udongo wetu."

Lilitoka zima, bila kituo. Hata Katunge aliangua kicheko, na Kaluki mwenyewe, aliyeungoja mwisho ule mwaka mzima, ilibidi auegemee mti wenye hadhi asianguke. "Kibwezi!" alisema. "Mwaka mzima, na ni Kibwezi tu!"

Mbinya alicheka hadi kiti kikazama mguu mmoja kwenye udongo laini. Kisha akakatisha ghafla, akapeleka kidole puani, akakitazama kwenye mwanga. Wote walinyamaza, Kanyiva wa kwanza.

Kilikuwa kikavu. Mbinya akawaonyesha, akaendelea kucheka pale alipokuwa ameachia.